Viatu Mlangoni mwa Chumba cha Kompyuta

Watu walicheka msibani, na sikuwalaumu. Laurine, binti mkubwa wa marehemu, alikuwa ameshika kipaza sauti kwa mikono miwili mbele ya jeneza la mamake, na badala ya kulia akaamua kutusimulia jinsi mama yake alivyopata kazi yake ya kwanza. Alisema kwamba Benta, akiwa msichana asiye na kitu mjini Kisumu, aliwaonyesha wakubwa wa kiwanda programu aliyoitunga mwenyewe, nao wakamchagua palepale. Kisha alipotoka nje ya chumba cha kompyuta akakuta viatu vyake vimeibiwa mlangoni. Akashuka ngazi na wale wakubwa miguu mitupu, kichwa juu, kama mtu aliyekusudia kutembea hivyo, na meneja akasema kwamba msichana wa namna hiyo hashindwi na mashine. Hema zima likaangua kicheko, hata mchungaji. Mama mmoja aliyeketi karibu nami akanigonga goti na kusema, "Wezi wa Kisumu hao, wanaiba mpaka kiatu ya mtu anatafuta kazi." Nikamwambia ndiyo, wezi ni wabaya. Nilikuwa nimetoka Kendu Bay asubuhi hiyo kwenda Bondo kumzika mtu ambaye sikuwa nimezungumza naye tangu ujana wetu, na sikujua bado kama nilienda kumlilia au kuhakikisha kwamba amekufa kweli. Viatu vile nilivijua. Nilijua hata kisigino chake cha kushoto kilivyokuwa.

Vilikuwa vyeusi, vya kisigino kifupi, nimevichagua mwenyewe katika rundo la mitumba pale Kibuye siku ya soko kuu, Jumapili, badala ya kwenda kanisani. Kisigino cha kushoto kilikuwa kimekwisha, na fundi akakibandika kipande cha mpira wa tairi ambacho hakikufanana kabisa na kingine, kwa hiyo nikitembea juu ya saruji mguu mmoja ulilia na mwingine ukanyamaza. Benta alinicheka kwa hilo mwaka mzima. "Rispa anakuja," alikuwa akisema, "nasikia nusu yake." Tulikuwa tumepanga chumba kimoja Nyalenda, chumba cha udongo kilichopakwa saruji upande wa ndani ili kionekane cha watu wa maana, na tukakigawa kwa shuka: upande huu kitanda, upande huu jiko la mafuta ya taa na ndoo mbili za maji. Viatu vya heshima vilikuwa jozi moja tu, vyangu, na miguu yetu ilikuwa sawa. Mwenye shughuli ya maana siku hiyo ndiye aliyevivaa, na aliyebaki alivaa patipati, zile ndala za mpira. Hatukuwahi kugombana juu ya hilo. Tuliitana nyamera, dada yangu, na mama mwenye nyumba akatuita mapacha wa sufuria kwa sababu hatukupakua chakula katika sahani mbili. Tulikula ugali na omena, dagaa wa ziwani, kutoka sahani moja ya bati, na tukipata samaki mzima, yeye alichukua mkia na mimi kichwa, bila kuulizana. Leo nikimwona mtu anakula peke yake mkahawani huwa namwonea huruma kidogo, na hiyo tabia nimeitoa katika chumba kile, siwezi kuikana.

Chuo cha kompyuta tulichosomea kilikuwa juu ya duka la vifaa vya ujenzi katikati ya mji. Ukipanda ngazi unasikia harufu ya rangi na misumari, kisha unafika kwenye korido nyembamba, na mwisho wa korido kuna mlango ulioandikwa kwa mkono: VUA VIATU. Miaka ya tisini ilikuwa ndiyo kwanza imeanza, na kompyuta zilikuwa zinaogopwa kama wagonjwa wa wadi maalumu. Mwalimu Wafula, mwenye chuo na mwalimu wake pekee, alituambia kwamba vumbi la viatu ndilo linaloleta virusi, na sisi tukaamini kabisa, na nadhani yeye pia aliamini. Kompyuta zilikuwa chache, skrini zake zikitoa maandishi ya kijani, na kila moja ilifunikwa kwa kitambaa cha kufuma cheupe ambacho mke wa Mwalimu alikifuma, kama vile vya makochi ya sebuleni. Mwalimu mwenyewe alifundisha akiwa na soksi, na dole gumba lake la kulia lilikuwa limetoboa njia ya kutokea. Ukifika kwenye korido ulijua nani yumo ndani kwa kutazama viatu tu. Vile vya kahawia vilivyopinda ni vya Mwalimu. Vile vya rangi ya maziwa ni vya yule kijana wa Milimani aliyeletwa kwa gari la babake na ambaye alikuwa akisinzia. Tulizoea kuvisoma viatu hivyo kabla hata hatujabisha.

Stima, yaani umeme, ilikuwa ikipotea mara kwa mara, na hapo ndipo Mwalimu Wafula alikuwa mwalimu kwelikweli. Alitutoa chumbani hadi kwenye korido, akatupanga wanne kwenye benchi moja refu, na kutuambia kwamba sisi sasa ndio kompyuta. Aliyeketi ni sifuri, aliyesimama ni moja, na kompyuta haijui kitu kingine chochote duniani zaidi ya kuketi na kusimama. Yeye anataja nambari, sisi tunajipanga. Tulicheka sana siku ya kwanza. Wateja wa duka la chini walipanda ngazi kuja kutazama watu wazima wanaosimama na kuketi kama watoto wa Jumapili. Mambo yalienda vizuri mpaka saba, ambapo mmoja anaketi na watatu wamesimama. Kutoka saba kwenda nane, wote wanne wanabadilika kwa pamoja: wale watatu wanaketi na yule mmoja anasimama. Basi watatu wakajitupa kwa nguvu upande mmoja wa benchi, upande wa pili ukapaa, na Benta, yule mmoja wa mwisho ambaye alikuwa bado hajasimama, akaanguka chali hadi kwenye viatu vya watu. Mwalimu hakucheka. Alisema, "Sasa mmeona shida ya mashine. Wakibadilika wote pamoja, lazima mmoja atachelewa, na hapo katikati mashine inaona nambari ambayo haipo."

Hilo halikuwa somo la bure. Kulikuwa na kiwanda kimoja cha sukari nje ya mji kilichokuwa kimepata mtambo mpya wenye bodi ya swichi, na injinia wao, rafiki ya Mwalimu, alikuwa na tatizo lilelile la benchi. Alitaka kuujaribu mtambo katika kila hali ambayo swichi zinaweza kukaa, bila kuruka hata moja na bila kurudia, lakini kila hatua abadilishe swichi moja peke yake, kwa sababu akigusa mbili kwa pamoja mtambo ulizima. Alipojaribu kuzipanga kwa kichwa alipotea. Mwalimu akatuletea swali hilo: nani anaweza kuifanya kompyuta iandike mfuatano wote wa sifuri na moja, kwa namna ambayo kila mstari unatofautiana na uliotangulia mahali pamoja tu, kwa idadi yoyote ya swichi watakayotaka? Kiwanda kingekuja kutazama, na atakayeonyesha angepelekwa Nairobi kusomea mitambo, kisha arudi na kazi ya kudumu. Nafasi ilikuwa moja. Sijawahi kutaka kitu kama nilivyoitaka nafasi ile. Nilikuwa nimefeli kupata chuo kikuu kwa alama kidogo, na watu wa kwetu walikuwa wameshaanza kuniuliza nitaolewa lini, kwa sauti ile ya mtu anayeuliza mvua itanyesha lini. Nairobi kwangu ilikuwa jibu la maswali yote hayo kwa mpigo.

Nilipata jibu la swali la swichi gatini, mchana kweupe, nikimsindikiza shangazi yangu aliyekuwa akirudi nyumbani kwa meli. Mimi nimekulia mahali ambapo meli ya abiria ilikuwa inaonekana ikipita ghuba, na tangu utotoni tulijua kwamba inakwenda ikigusa bandari moja baada ya nyingine, na ikirudi inagusa bandari zilezile kinyumenyume. Bandari ya mwisho kwenda ndiyo ya kwanza kurudi. Meli haijaruka popote pale, imegeuka tu. Nilikuwa nimesimama na kikapu cha shangazi mkononi nikaona: chukua orodha fupi ambayo tayari ni sawa. Weka sifuri mbele ya kila mstari, hiyo ni safari ya kwenda, taa ya meli imezimwa. Kisha iandike orodha ileile kutoka mwisho kuja mwanzo, na weka moja mbele, hiyo ni safari ya kurudi, taa imewashwa. Pale inapogeuka, kitu pekee kilichobadilika ni taa. Swichi moja: sifuri, moja. Swichi mbili: kwenda ni sifuri-sifuri, sifuri-moja, kurudi ni moja-moja, moja-sifuri. Ukitaka swichi tatu, chukua safari hiyo yote na uifanye tena, uende nayo na urudi nayo. Haina mwisho. Shangazi aliniuliza kama naumwa. Nilimpa kikapu chake nikaondoka kabla meli haijang'oa nanga, jambo ambalo alilikumbuka mpaka alipokufa.

Benta alikuwa akichambua omena nilipofika, ametandaza gazeti sakafuni. Nilichukua vizibo vya soda tulivyokuwa tunapimia chumvi, nikavipanga juu ya gazeti, kizibo kilichofunuka ni moja, kilichofunikwa ni sifuri, na nikamwonyesha safari ya kwenda na ya kurudi. Hakuelewa. Benta alitoka Gem, ndani kabisa, kwenye vilima na miwa, na alikuwa akiliogopa ziwa kiasi kwamba hakuwahi kushuka mpaka gatini. "Kwani hiyo meli ikirudi inabeba watu wale wale?" aliniuliza, na tukacheka mpaka jirani akagonga ukuta. Nikarudia. Mara ya tatu aliacha omena, akageuza kizibo kimoja kwa kidole, akageuza kingine. "Rispa," akasema, "hii kitu ni mzuri. Wee, hii kitu ni mzuri sana." Nilifurahi kuliko ambavyo ningefurahi kusifiwa na Mwalimu, kwa maana sifa ya mtu mnayekula naye sahani moja ina utamu wake. Nimeufikiria uso wake wa wakati ule mara nyingi. Nimejaribu kuona kama wizi ulikuwa umeshaanza pale, na kwa kweli sidhani. Nadhani alifurahi tu.

Programu tuliiandika pamoja, na hapa lazima niseme ukweli wote. Mimi nilikuwa napiga taipu kwa kidole kimoja kama kuku anayedonoa. Benta alikuwa amesomea uhazili kabla, vidole vyake vilikimbia bila yeye kutazama. Kompyuta tulipewa kwa zamu, na zamu ilikuwa fupi, kwa hiyo mimi nilisimama nyuma yake nikisema na yeye akaandika. Andika orodha. Sasa zunguka uisome kutoka juu, weka sifuri. Sasa zunguka tena uisome kutoka chini, weka moja. Ikikosea tulishuka kula mandazi, tukabishana, tukapanda tena. Siku ilipofanya kazi, mistari ya kijani ilishuka kwenye skrini bila kusimama, na Mwalimu Wafula akavuta kiti akaketi na soksi zake zilizotoboka akaifuatilia kwa kalamu, mstari kwa mstari. "Nani amefikiria hii?" aliuliza. Benta akasema, "Ni Rispa, Mwalimu. Mimi ni mikono tu." Alisema hivyo mwenyewe, na Mwalimu akasikia. Nilimwambia Benta aweke majina yetu yote mawili juu ya programu. Akaniambia ameweka, na mimi sikuinama kutazama, kwa sababu nani huinama kutazama neno la dada yake?

Asubuhi ya siku ambayo watu wa kiwanda wangekuja, nilipiga pasi sketi na kuitundika kwenye msumari. Benta alitoka mapema kwenda kuchota maji, akarudi na habari. Amekutana na mtu wa chuo kwenye bomba, akasema, na wageni hawaji. "Stima imepotea town yote, nyamera. Mwalimu amewaambia wakuje next week. Wewe pumzika tu." Kisha akaniomba viatu, kwa sababu shangazi yake amelazwa hospitalini na hawezi kuingia wadi ya watu na patipati. Nilimpa. Nilimwambia ampelekee shangazi pole zangu, na nikamwekea ndizi mbili kwenye mfuko ampelekee. Ndizi hizo ndizo zinazoniuma zaidi kuliko vitu vingine vyote, na sijui kwa nini. Alizipokea. Aliniambia asante, ero kamano, kwa lugha zote mbili, akashuka njia, na nikasikia kisigino changu cha kushoto kikinyamaza na cha kulia kikilia mpaka alipopinda kona.

Nilikaa, nikafua, kisha nikaamua kwenda kununua unga. Nilipofika penye kinu cha kusaga mahindi nikakuta kinanguruma, wanawake wamepanga foleni na ndoo zao, unga umewajaa nyusi. Nikasimama pale nikikitazama. Kinu kile kilikuwa cha stima. Nikamuuliza mwenye kinu kama stima imerudi saa ngapi, akaniangalia kama mtu aliyeuliza jua limechomoza lini. "Kupotea? Leo haijapotea, Mama. Leo imekaa vizuri sana." Hata hapo sikuwaza ubaya. Niliwaza kwamba yule mtu wa kwenye bomba alidanganya, na kwamba Benta wa watu amedanganywa, na kwamba nisipokimbia tutakosa nafasi yetu. Yetu. Hilo ndilo neno nililokuwa nalo kichwani nikipanda ngazi za duka lile na patipati na nguo ya kufulia.

Korido ilikuwa kimya na mlango umefungwa. Viatu vilikuwa vimepangwa vizuri kuliko siku nyingine. Vya kahawia vya Mwalimu. Kisha viatu vya kiume ambavyo sikuwahi kuviona, vyeusi, vizito, vinang'aa, ni vya watu wanaopakwa rangi viatu vyao na watu wengine. Na mwishoni, vimeelekezwa ukutani kwa adabu, viatu vyangu. Kipande cha tairi kilikuwa kinanitazama. Nilisikia sauti ya Benta ndani, sauti yake ya Kiingereza safi cha uhazili, akiwaeleza kwamba ni kama meli. Alisema meli inakwenda taa imezimwa na inarudi taa imewashwa. Alisema, "Mimi nikiwa mtoto nilikuwa naiangalia hiyo meli ikipita kwetu." Mtu mmoja mwenye sauti nzito akasema kwamba hilo ni jambo zuri sana, akauliza kama ameifanya peke yake. Nikangoja. Nilingoja kwa moyo wote, hata wakati ule, nikidhani atanitaja. Akasema, "Yes, sir." Mwalimu Wafula alikuwemo mle ndani, na Mwalimu Wafula akakohoa, na hakusema kitu.

Watu huniuliza, wale wachache niliowahi kuwaambia, kwa nini sikuingia. Mume wangu aliniuliza kila alipotaka kunitania: si ungeusukuma tu huo mlango? Siwezi kueleza vizuri. Kikulacho ki nguoni mwako, tunasema, lakini hakuna anayekuambia kwamba ukikigundua, kwanza unaona haya wewe. Niliona haya. Niliona haya ya patipati zangu na povu la sabuni lililokaukia mikononi, kana kwamba mimi ndiye niliyekuwa nataka kuiba kitu mle ndani. Hasira ilikuja baadaye kidogo, na ilipokuja ilikuwa ndogo na kali. Niliinama nikavua patipati, nikazitia kwenye mfuko wa unga uliokuwa bado mtupu, nikavaa viatu vyangu, nikashuka ngazi. Sikunyata. Niliacha kisigino kilie.

Alirudi Nyalenda jua likiwa bado lipo, miguu imejaa vumbi mpaka vifundoni. Nilikuwa nimeketi juu ya ndoo, viatu nimevivaa. Alivitazama, akaelewa. "Kumbe ni wewe," akasema. Nikamwambia, "Shangazi anaendeleaje?" Alikaa kitandani, akajifuta nyayo kwa kiganja. Kisha akasema maneno ambayo nadhani alikuwa ameyatayarisha njiani. "Wewe ungetetemeka mbele ya wale watu, Rispa. Unajijua. Ungesema meli, meli, halafu unyamaze, na tungekosa sisi wote." Nikamuuliza sisi wote ni nani. Akasema, "Na nani alitype? Ile kitu iko kwa kompyuta ni vidole zangu." Nikamwambia vidole vilikuwa vyake na viatu vilikuwa vyangu, na sasa kila mtu ana chake. Hatukupigana. Omena ilikuwa imeiva na hakukuwa na chakula kingine, kwa hiyo tukala, sahani ileile moja, bila kutazamana, na yeye akaacha kula kabla yangu ili nibakiziwe. Nilikula zote. Kesho yake akahamia kwa jamaa zake, na sufuria akaniachia.

Nilikwenda kwa Mwalimu Wafula, bila shaka. Nilivua viatu, nikaingia, nikamkuta anakunja vile vitambaa vya mke wake. Hakujifanya hajui, na hilo nampa. Alisema Benta alimwambia nimerudi kwetu nikiwa mgonjwa. "Lakini alipoulizwa kama ni yake peke yake, ulikuwepo," nikamwambia. Akasema alikuwepo. Nikamwambia apige simu kiwandani aseme ukweli. Akakunja kitambaa kimoja mara mbili zaidi ya inavyohitajika. "Niwaambie nini, Rispa? Niwaambie kwangu ndio wanafunzi wanaibiana? Wale watu wataleta wengine. Mwaka ujao utaingia wewe. Wewe ni kichwa, utapata tu." Benta angalau alikuwa ananyang'anya apate kitu. Mwalimu aliniuza ili mambo yake yaendelee kuwa shwari, na aliniuza kwa upole, akiniita kichwa. Sikurudi chuoni. Niliuza jiko, nikapanda meli, taa ikiwa imezimwa, nikaenda kusomea ualimu, na nimefundisha hesabu za shule ya msingi mpaka leo nimebakisha kidogo nistaafu. Si maisha mabaya. Nasema hivyo bila uchungu siku nyingi, na siku nyingine nasema na uchungu wote. Benta alienda Nairobi, akarudi, akapanda cheo, akajenga Milimani, ua mkubwa wenye maua. Niliwahi kupita nje ya lango lake mara moja na nikamwona akitoka na gari. Nadhani aliniona. Aliangalia mbele.

Basi pale Bondo, nyumbani kwa wakwe wa Benta, kicheko kilipotulia, msimamizi wa shughuli akauliza kama kuna yeyote aliyesoma na marehemu chuoni. Kwetu mtu huitwa kwa makundi, wa kanisani, wa kazini, wa shuleni, na ukiwa na neno juu ya aliyelala pale unalisema akiwa bado juu ya ardhi. Ukishindwa, baadaye usije ukalisema jikoni. Nilisimama. Ni mimi peke yangu niliyesimama. Nilipewa kipaza sauti, nikasema kwamba naitwa Rispa, na kwamba mimi na Benta tulikaa chumba kimoja Nyalenda na tulikula sahani moja. Watu wakaitikia kwa sauti ya kupendezwa. Nilimtazama Laurine, mwenye paji la uso la mamake, na nikaona kwamba maneno niliyoyabeba kutoka Kendu yalikuwa mazito mno kumtupia mtoto aliyefiwa. Nikasema kidogo tu nilichoweza. "Vile viatu havikuibiwa. Nilivichukua mimi. Vilikuwa vyangu." Wakacheka kuliko mwanzo. Msimamizi akachukua kipaza sauti akasema, "Kumbe mwizi amejileta mwenyewe," na nikarudi kwenye kiti changu huku watu wakinipa mikono. Laurine peke yake ndiye hakucheka.

Tulipokwisha kuzika na watu kuanza kula, Laurine mwenyewe aliniletea sahani yangu, akaketi kwenye kiti cha karibu nami. Yeye pia ni mtu wa kompyuta, nilisikia, anafanya kazi benki. Alinitazama nikimega ugali.

"Auntie," akasema, "kama viatu vilikuwa vyako, si ungengoja mama atoke akurudishie? Kwa nini ulivichukua ukaenda?"

"Kula kwanza, nyathina, mwanangu."

"Mama alitufundisha ile kitu yake tukiwa wadogo. Alikuwa anatumia vizibo ya soda. Anasema taa imezimwa, taa imewaka. Anasema aliitoa kwa meli yenye alikuwa anaangalia ikipita kwao, akiwa mtoto."

Nilimwona akifikiri, na alifikiri vizuri, hatua kwa hatua, bila kuruka.

"Lakini kwa nyanya, kwao na mama, ni Gem," akasema polepole. "Tulikuwa tunaenda huko kila Disemba. Huko hakuna ziwa."

"Hakuna."

"Sasa hiyo meli ilikuwa inapita kwa nani?"

Ningeweza kumdanganya. Mamake alikuwa amenidanganya mimi kwa uso mkavu kabisa, huku akipokea ndizi zangu.

"Kwetu," nikamwambia. "Ilikuwa inapita kwetu."